Mlango wa Choo cha Wasichana

Nchi ninayoisema hapa si yetu. Natangulia kusema hivyo ili asitokee mtu wa kunipigia simu. Iko mbali, inaitwa Ridhika, na watu wake ni wapole kupita kiasi: ukimkanyaga Mridhika mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuuweka pale.

Mwaka mmoja Ridhika ilisaini Mkataba wa Kulinda Haki za Binadamu Shuleni, Katika Vyombo vya Habari na Katika Maisha ya Kidijitali. Ilisaini kwa sababu nchi jirani ilishasaini na picha zake zilitoka nzuri. Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Haki. Haki zote zikawekwa kwenye jengo la ghorofa tisa lenye ukuta, mbwa na walinzi wa zamu tatu, na kwa kuwa wananchi hawakuruhusiwa kuingia humo, haki zikawa salama kabisa. Wahariri wa magazeti nao waliambiwa wako huru kuandika chochote wanachotaka, mradi kila Jumatatu wapite wizarani kuambiwa wanataka nini.

Kisha ukatoka waraka: kila shule ichague Mlezi wa Haki.

Katika Shule ya Sekondari Mwongozo uchaguzi ulifanyika ofisini kwa Mkuu wa Shule, Bwana Lipukila, kwa utaratibu uleule wa siku zote wa kumchagua asiyekuwepo. Siku hiyo asiyekuwepo alikuwa Mwalimu Kidawa Mshangama wa somo la Uraia. Hakuwepo kwa sababu alikuwa nyuma ya madarasa, ameshika kanga.

Nieleze habari ya kanga. Choo cha wasichana pale Mwongozo kilikuwa na matundu manne, ila matatu yalishatitia, likabaki moja kwa wasichana mia mbili na kumi na wawili. Na hilo moja mlango wake ulitoweka. Uliondoka wiki ileile waraka ulipoingia, fremu ikabaki inatazama uwanja wa mpira na barabara ya lami. Tangu hapo msichana akienda haja, wenzake wawili husimama na kanga, kila mmoja na pembe yake, wakitazama pembeni. Wakikosekana wawili, Mwalimu Kidawa huenda kuwa wa pili.

"Hongera, Mwalimu," Lipukila alimwambia alipoingia na kanga yake begani.

"Kwa lipi tena?"

"Umechaguliwa Mlezi wa Haki. Kwa kauli moja."

"Mimi nimegombea lini?"

"Ndiyo maana hujapingwa."

Kidawa akaguna, akaenda zake kunywa chai iliyokwisha poa. Jamani, tusimpambe mtu: huyu mama hakuwa shujaa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, amebakiza minne astaafu, na alikuwa amejipangia kuimaliza hiyo minne bila jina lake kutajwa na mtu yeyote kwenye kikao chochote. Hata alipouliza habari ya mlango aliuliza kwa sauti ya kuomba chumvi. Lipukila alimjibu kwamba suala linafanyiwa kazi, naye hakuuliza tena.

*

Kazi ya kwanza ya Mlezi ilikuwa kulinda siri za wanafunzi mitandaoni. Kwa ajili hiyo alikuja Afisa Haki wa Wilaya, Bwana Mkadimba, mtu mnene, mwenye furaha, na kipaza sauti kikubwa kinachoning'inia shingoni. Alileta Fomu Namba Saba, Fomu ya Kuandikisha Siri.

"Kila mwanafunzi aandike siri zake zote humu," alieleza. "Serikali itazilindaje bila kuzijua?"

"Na zikishaandikwa?" Kidawa aliuliza.

"Zinahakikiwa. Nazisoma kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, mwenye siri anathibitisha kwamba ni yake."

"Na hicho kipaza sauti?"

"Mashahidi wengine hawasikii vizuri, Mwalimu. Tusiwabague."

Basi wanafunzi wakapangwa mstari uwanjani, na hadi saa sita mchana mji mzima ulishajua nani anakojoa kitandani, nani anampenda nani, na baba yupi ana nyumba ya pili kule mnadani. Wazazi wawili walikuja mbio kutoka sokoni, mmoja kumtafuta mwanawe na mwingine kumtafuta mumewe. Mkadimba alifurahi sana. Alisema hajawahi kuona siri zilizolindwa mapema kiasi kile.

Ikafika zamu ya Tausi Makonyora, kidato cha nne, msichana mwembamba, mwenye akili, na mwenye ubishi wa kuuliza mambo. Mkadimba akasoma kwenye kipaza sauti: "Sinywi maji tangu nitoke nyumbani hadi nirudi jioni." Akainua uso. "Mbona hunywi?"

"Nikinywa nitataka kwenda chooni, na choo hakina mlango. Wasichana wote hatunywi."

Mkadimba akaigeuza fomu juu chini. "Hii si siri. Hili ni tatizo. Fomu ya matatizo bado haijachapishwa." Akakata mstari, akaandika: *Mwanafunzi hana siri.*

Kidawa akawatazama wasichana waliokuwa mstarini. Mwezi mzima alikuwa akiwafokea hao watoto kwa kusinzia kipindi cha saa saba. Alidhani ni uvivu.

*

Kazi ya pili ilikuwa Dakika Kumi za Uhuru. Kila Alhamisi, saa nne kamili mpaka saa nne na dakika kumi, mwanafunzi yeyote wa Ridhika aliruhusiwa kutoa maoni yake, na wizara, ili dunia ione, ilikuwa ikirusha mubashara. Maoni yenyewe yalikuja yamechapishwa. La kwanza lilikuwa "Nashukuru." La pili "Nashukuru sana." La tatu lilitengwa kwa wakosoaji: "Nashukuru, ila natamani ningeshukuru zaidi."

Alhamisi ile wanafunzi sita walishukuru, mmoja akakosoa kwa kutamani kushukuru zaidi, akapigiwa makofi kwa ujasiri. Wa nane akapanda Tausi. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nauliza. Mlango wa choo chetu uko wapi?"

Bwana Lipukila alitazama saa yake: zilikuwa zimebaki dakika sita za uhuru, na hakuna aliyejua namna ya kuzizima. Kwa muda huo wote simu ya wizara iliendelea kurusha uso wa Tausi, naye amesimama tu, anangoja jibu kama mtu anayengoja chenji dukani.

Jioni watu elfu arobaini walishaitazama video hiyo. Kesho yake ikaja barua yenye muhuri. Msiharakishe kuilaumu wizara, maana barua ilikuwa na upole ndani yake: *Kwa kuwa haki ya elimu ya Tausi Makonyora imeonekana kuwa hatarini kutokana na umaarufu wake wa ghafla, Wizara imeichukua na kuihifadhi mahali salama hadi hali itakapotulia.*

Kwa Kiswahili cha kawaida, alifukuzwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa mtihani wa mwisho uanze.

Barua ilikuwa na kiambatanisho kwa ajili ya Mlezi wa Haki, karatasi moja iliyohitaji saini: *Nathibitisha kwamba swali halikuulizwa.* Akitia saini, wizara ilifafanua, mambo yataisha. Kwake yeye, si kwa Tausi. Tausi angehesabiwa kuwa aliacha shule mwenyewe.

Kidawa aliikunja ile karatasi akaitia mkobani. Akaanza kutembea nayo kila siku bila kuisaini wala kuichana. Hiyo ndiyo aina ya ushujaa aliokuwa nao.

Tausi naye hakubaki nyumbani. Kila asubuhi alikuja na sare yake, akakaa nje ya ua wa shule karibu na choo, mahali ambapo dirisha la kidato cha nne linaelekea, daftari magotini. Kidawa alipomwona siku ya kwanza alijifanya hakumwona. Siku ya pili akaanza kufundisha kwa kupaza sauti, mpaka walimu wa madarasa ya jirani wakaja kuuliza anagombana na nani.

"Masikio yangu yameanza kuziba," aliwaambia. "Nisamehewe bure."

*

Ndipo zikaja habari kwamba Waziri wa Haki mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Hidaya Mbwilo, angeleta wageni kutoka nje kuja kuutazama Mkataba ukizinduliwa Mwongozo, shule ya mfano. Ukuta ukapakwa chokaa upande unaoonekana. Choo cha walimu kikapigwa rangi, kikatiwa sabuni mpya na taulo, kikafungwa kwa kufuli asije mtu akakitumia. Ufunguo akauchukua Mkadimba kwenda kuuhifadhi wilayani, kilomita kumi na nane kutoka pale.

Siku moja kabla ya ugeni, Kidawa alitumwa kukagua bango la Mkataba. Lilisimamishwa mbele ya jukwaa, limefunikwa kitambaa cha kijani. Akainua kitambaa. Maandishi ya dhahabu yalimng'aria usoni: *Ibara ya Kwanza. Kila mtu ana haki ya faragha.* Akasema moyoni, si haba, limependeza. Akazunguka nyuma kuangalia kama limekazwa vizuri, akakuta bawaba mbili, komeo la chuma, na mwandiko wa kalamu ya wino: *Form Four tunaondoka, mtatukumbuka.*

Halafu alipandwa na hasira, hasira ambayo hakujua kama bado anayo, akaenda moja kwa moja ofisini bila kubisha hodi.

"Mkuu, ule ni mlango wa choo!"

"Shh! Ule ni Mkataba."

"Una komeo!"

"Mwalimu wangu, nisikilize." Lipukila alifunga dirisha. "Wizara ilitaka ubao wa mita mbili kwa sentimita themanini, mbao ngumu, kipande kimoja, ndani ya siku tatu. Wewe ungeutoa wapi?"

"Hivyo ni vipimo vya mlango."

"Hivyo ni vipimo vya wizara. Mimi nilitii." Akamtazama, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. "Kile kikaratasi chao umeshatia saini? Wanakitaka kesho. Usipokitoa watachukua na haki yako ya ajira waihifadhi. Miaka minne, Mwalimu. Usijitie kitanzi kwa ajili ya mbao."

Kidawa alirudi nyumbani na ile karatasi mkobani. Aliwaza mafao yake ya uzeeni, akamwaza Tausi nje ya ua, na usingizi ulipomjia alikuwa hajaamua lolote.

*

Huko Ridhika waziri akipita mahali hawezi kukataa dafu. Kukataa ni kuwatukana wenyeji. Kati ya mji mkuu na Mwongozo palikuwa na vituo kumi na moja vya mapokezi. Mheshimiwa Dakta Hidaya Mbwilo alishuka garini saa tano na nusu akitabasamu, ila anatembea kwa hatua fupi fupi, na kabla hata wimbo wa taifa haujaisha alimwinamia Lipukila sikioni.

Lipukila akamwinamia Mkadimba. Mkadimba akajipapasa mifuko yote, akawa wa kijivu. "Ufunguo," alisema, "uko salama kabisa wilayani."

Wanaume wakatazamana, wakamtazama Kidawa. Kwa nini asiwe yeye? Ndiye Mlezi.

Wanafunzi wote walikuwa wamefungiwa madarasani asije akatokea mwingine wa kuuliza. Kwa hiyo msafara wa kwenda nyuma ulikuwa wa Waziri, Kidawa na kanga yake, na nyuma yao vijana sita wa Kitengo cha Matangazo Mubashara, simu juu, maana sheria ya uwazi ilitaka kila hatua ya waziri irushwe. Waziri alijaribu kuwafukuza. Wakamjibu kwa heshima zote kwamba sheria aliipitisha yeye.

Wakafika. Waziri akaona fremu.

"Mlango uko wapi?"

Mara hiyo swali likawa limeulizwa na serikali. Kidawa akalimeza jibu. "Tunatumia kanga, Mheshimiwa. Ila inashikwa na watu wawili, na mimi ni mmoja."

"Mwite mwingine basi! Yule msichana pale nje ya ua!"

"Yule hana ruhusa ya kukanyaga shule. Ni amri ya wizara yako."

"Namruhusu!"

"Kwa mdomo, Mheshimiwa?" Kidawa alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Waraka wenu unasema bila muhuri hakuna haki."

"Mwalimu, utaniua! Lete karatasi!"

Karatasi iliyokuwepo mkobani ilikuwa moja tu. Kidawa akaigeuza upande mweupe, akaiweka kwenye goti, akaandika: *Mwanafunzi Tausi Makonyora arudi shuleni na afanye mtihani.* Akataka kukomea hapo. Akainua macho, akaiona ile fremu inavyotazama barabara. Kalamu ikaongeza: *Mlango wa choo cha wasichana urudishwe mahali pake leo hii.*

Waziri alitoa muhuri wake kwenye pochi, akaugonga, pa! Hakusoma. Mawaziri wa Ridhika hawasomi wanachogonga. Anayesoma huonekana anawashuku walio chini yake.

Tausi akaruka ua na sare yake, akashika pembe yake ya kanga kwa ustadi wa mtu mzoefu, akageuza uso pembeni. Simu sita zikabaki zinarusha maua ya kanga.

Kisha sauti ikatoka ndani, ndogo, haina tena uwaziri wowote.

"Mwanangu, hawa vijana wanaona?"

"Hapana, shikamoo. Tumekuziba."

"Marahaba. Na nyie kila siku mnafanyaje?"

"Hivi hivi. Na hatunywi maji."

"Shikeni vizuri," Waziri alisema.

*

Alipotoka na kunawa mikono alikuwa ameshakuwa Waziri tena. Akapanda jukwaani, kitambaa cha kijani kikavutwa, wageni wakapiga picha, hotuba ikaanza. "Katika Ridhika," alinguruma, "haki haziishii kwenye karatasi! Haki zetu zinagusika! Unaweza kuzisukuma, haziyumbi!"

Wakati huo Kidawa alikuwa amemkabidhi Lipukila ile karatasi. Lipukila akaisoma mara tatu. Akautazama muhuri, akalitazama neno *leo*, akatazama saa. Huyu bwana, katika miaka ishirini na miwili ya kazi, hajawahi kuuasi muhuri hata mara moja. Akawaita walinzi wawili na bisibisi.

Waziri alikuwa amefika kwenye sehemu ya hotuba inayohusu vyombo vya habari alipoona, kwa pembe ya jicho, Mkataba unanyanyuka. Watu wawili waliubeba begani, wakapita mbele ya jukwaa, mbele ya wageni, mbele ya simu sita, Ibara ya Kwanza ikimeremeta juani na komeo likigongagonga nyuma yake.

"Simameni! Mnaupeleka wapi Mkataba?"

Lipukila akakaza mikono mapajani kama mwanajeshi. "Chooni, Mheshimiwa. Kwa amri yako."

Mkalimani wa wageni akashikwa na kikohozi. Waziri akaletewa karatasi. Akaisoma, yawezekana ni ya kwanza kuisoma tangu aapishwe, akamwona Kidawa amesimama pembeni ya jukwaa, uso umemkauka, kanga imembana mikononi. Angeweza kusema muhuri ule si wake. Lakini akiukana mmoja, watu wangeanza kuuliza habari za mingine yote, na simu zilikuwa bado hewani.

"Naam," alisema. "Ndivyo nilivyoagiza. Nataka Mkataba huu ukae mahali ambapo mwananchi atausoma akiwa ametulia."

Makofi yakalipuka. Mkadimba ndiye aliyepiga kuliko wote. Wageni wakaandika kwenye madaftari yao kwamba jambo la namna hii hawajaliona kwingine, na hilo lilikuwa kweli. Wahariri wakapiga simu wizarani kuuliza wanataka kuandika nini, wakaambiwa wangoje, jibu bado linatafutwa.

Saa tisa msafara ulishaondoka na fundi alishakaza bawaba. Madarasa yakafunguliwa, wasichana wakaja mbio kupanga mstari nyuma ya madarasa, wengine hawaamini, wanaugusa mlango kwa vidole. Kidawa akamsukuma Tausi mbele.

"Anza wewe."

Tausi akaingia. Komeo likaingia, kach! Wasichana wakangoja. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Kidawa akaanza kuingiwa na wasiwasi, akasogea mlangoni.

"Tausi, tumbo linakuuma?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa unafanya nini humo?"

"Sifanyi kitu," Tausi alijibu kutoka ndani, na alikuwa analia kidogo. "Nimekaa tu. Hakuna anayeniona."

Kidawa akawageukia wale wengine kuwaambia wawe na subira, akakuta hakuna aliyekuwa akimharakisha mwenzake. Walikuwa wanapokezana chupa ya maji.